Gunia la Korosho Chini ya Msingi wa Mama

Paje, Unguja
Mwezi wa kumi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua Asumini alipolisoma neno hilo umeshaitikia marahaba kwa sauti, kama vile nimesimama mlangoni. Miguu inaendeleaje? Na maji, bado mnayafuata mbali? Mikorosho imezaa vipi mwaka huu? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na mwili umeongezeka, hata lile shati la Idi ulilonishonea, vifungo vyake sasa vinalalamika.

Asumini dada yangu, pole kwa kubeba huo mzigo kutoka stendi ya Masasi mpaka Mkunya. Soma polepole na usiruke mahali. Kama Mjomba Hamisi amekaa hapo barazani, ngoja kwanza aondoke. Utaelewa kwa nini.

Hoteli tunayojenga huku inakaa juu ya mchanga mtupu, unaotiririka vidoleni kama mchele. Nilipofika nilidhani wenye mali wana wazimu. Kumbe wana kitambaa. Mchanga ukibebeshwa ukuta unakimbilia pembeni, ukuta unashuka upande mmoja, unapasuka. Basi sisi tunachimba mtaro mpana kuliko msingi wenyewe, tunatandika kitambaa kigumu cha nyuzi za plastiki, tunamwaga mchanga kimo cha shubiri, tunamwagia maji, tunashindilia, kisha tunatandika kingine juu yake. Tabaka tatu. Mchanga unabanwa hapo hapo, hauna pa kukimbilia. Kazi yangu ni kukivuta kisibaki na kunyanzi hata moja, na msimamizi wetu, Bi Rukia, haniruhusu kwenda kula kabla sijamaliza kuvuta. Wenzangu wananiita Fundi Kitambaa. Sijisifu sana, ila kidogo najisifu.

Siku ya kwanza niliyokishika nilikiwaza chumba chako. Mchanga wetu ni mwekundu na huu ni mweupe, lakini tabia ni moja. Sijaisahau asubuhi ile ya mvua, ulipotoka kutega ndoo chini ya bati ili maji yasipotee, na nyuma yako ukuta wa kichwani ukaangukia kitanda. Watu walicheka baadaye wakasema shida ya maji imekuokoa. Mimi sijacheka mpaka leo. Na tangu siku ile unalala kwa jirani, Mwalimu Joyce, na nguo zako zimo ndani ya boksi.

Ndiyo maana Mjomba alipochimba msingi mpya nilimpigia simu nikamweleza habari ya kitambaa. Akaniuliza, "Kikoje hicho, mjomba?" Nami, kwa kutaka anielewe upesi, nikamjibu, "Kimefumwa kama gunia la korosho." Nikaishia hapo. Sikusema nyuzi zake ni za nini.

Wiki mbili baadaye akanipigia mwenyewe, sauti imejaa furaha. "Mjomba, ile kazi yako nimeimaliza. Nimetandika magunia ya korosho mtaro mzima, tena mazuri, yamesafiri mara moja tu. Nimefukia na kushindilia. Bado matofali."

Mama, nilikaa chini. Gunia la korosho ni nyuzi za mmea, na kitu cha mmea kikifukiwa kinaoza. Likioza, chini ya ukuta wako panabaki nafasi, na mchanga unaijaza nafasi hiyo kwa kushuka. Ingekuwa afadhali asingetandika kitu. Lakini ningemwambiaje? Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, ndiye mwenye neno katika nyumba yetu, na siku zote hizo aliinama mtaroni na mgongo wake mbovu kwa ajili yako wewe dada yake. Nikasema, "Ahsante sana, Mjomba," nikakata simu. Niliogopa, na nimeona haya kwa uoga huo.

Jioni ile ile nilikata kipande cha kile kigunia ulichonitumia na korosho, nikakata na kipande cha kitambaa cha kazini, nikavifukia pamoja nyuma ya tangi la maji, kina cha msingi. Wenzangu waliniona. "Mmakonde amepanda gunia," wakasema, "anangoja liote korosho." Kila asubuhi waliniuliza kama limechipua. Niliwaacha wacheke.

Wiki iliyopita nilifukua. Kitambaa kilitoka kizima, nikakikung'uta mchanga kama mkeka. Gunia lilikatika vidoleni, nusu yake ikabaki shimoni. Na hapa hakuna mchwa, Mama. Wa kwetu tunawajua.

Bi Rukia alinikuta nimechuchumaa pale. Nilimweleza yote. Hakunicheka. Alinipa mabaki ya kitambaa yaliyokuwa yatupwe, akaniandikia na karatasi ya ruhusa nisije nikaonekana mwizi bandarini. Ndiyo robota hilo mlilo nalo. Nimelipima mara mbili kwa vipimo alivyonipa Mjomba, linatosha tabaka mbili. Nyumba ya chumba na sebule haihitaji zaidi. Vipande vikikutana, kimoja kilale juu ya mwenzake upana wa mkono mzima. Na tafadhali, Mama, robota likae ndani. Usije ukalitandaza uani kuanikia muhogo, maana nakujua. Kitambaa hiki kinaogopa jua, hakiogopi udongo.

Sasa ombi langu. Korosho zikishauzwa Mjomba ataanza kuinua matofali, na hilo lisitokee kabla magunia hayajafukuliwa. Ndani ya bahasha kuna vile vipande viwili nilivyovifukua. Mpe vyote, avivute kwa mikono yake. Usimwambie amekosea, kwa sababu hakukosea. Alifuata maneno yangu, na maneno yangu yalikuwa nusu. Mwambie nimesema hivyo mwenyewe, na kwamba naomba radhi. Yule ni fundi, mkono wake utamwambia yaliyobaki. Nina hakika atainuka na kwenda kutafuta jembe, na akinipigia simu kunigombeza, nitapokea.

Nisalimie Mwalimu Joyce, mwambie nashukuru kwa kitanda na kwa kukuvumilia unavyokoroma. Shemeji, mume wa Asumini, mwambie likizo yangu ni mwezi ujao, aandae maji ya kushindilia, na pipa moja halitoshi. Mjomba Hamisi msalimie kwa heshima zote, ukishampa vipande.

Mama, nataka ulale kwako. Mvua ikija, ukipenda kuamka kutega ndoo, amka, ni maji yako. Lakini siku utakayochoka, ukajigeuza upande wa pili na kuendelea kulala huku inanyesha, ukuta utakuwa umesimama pale pale kichwani pako. Hilo nakuahidi, kwa sababu nitakuwa nimevuta kitambaa mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Saidi