Kwa Wifi Aliyechekea Upande wa Kulia

Mpendwa wifi Zuhura,

Kosa wanalofanya wengi wanapompokea mgeni kwenye baraza la mtandaoni ni kudhani kwamba uso waliokuwa nao wakati wa kuandika umesafiri pamoja na maneno. Haukusafiri. Umebaki hapa Edmonton, London, juu ya shingo ya mwenyewe, na maneno yamekwenda peke yao. Jambo hili nimelifundisha miaka kadhaa sasa, na kila mara huwa nakutoa mfano wewe bila kukuomba ruhusa. Leo nakuomba.

Jana binti yako alipiga simu kutoka Wete, mlikorudi kuishi. Alisema bendeji ya jicho lako la pili lililopasuliwa imetolewa, na neno lako la kwanza lilikuwa kwamba pazia la chumbani ni baya na kwa nini hukuambiwa siku zote hizo. Kaka yako alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Kisha binti akaongeza, "Mama anasema umwandikie. Sasa anasoma mwenyewe, na uandike kwa herufi ndogo." Basi nakuandikia, wifi yangu, kwa herufi ndogo kabisa. Barua hii naiweka pia barazani kwetu, kwa sababu kosa nililokufanyia nililifanya mbele ya wanabaraza wote.

Lakini kwanza turudi nyuma. Unaikumbuka asubuhi niliyofika London, mwanzoni mwa miaka ya tisini? Ulikuja kunipokea uwanja wa ndege umevaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Ukavua la juu ukanivika, nalo lilikuwa bado lina joto lako. Tukapanda basi. Mimi, kama nilivyolelewa, nikaingia na kuwasalimu waliokuwamo: "Asalaam aleikum!" Basi zima likanyamaza. Mzee mmoja akainua gazeti lake likamfunika uso. Nikawa nimesimama pale katikati na salamu yangu inaning'inia, ndipo nikakusikia nyuma yangu, kwa sauti ya kutosha watu kumi: "Waaleikum salaam warahmatullah!"

Hukunisahihisha mbele za watu. Ulingoja tufike nyumbani, nile, nishibe, nipashe miguu moto. Ndipo ukasema, "Wifi, kwenye mabasi yao salamu haipiti. Lakini yako nimeidaka, isianguke chini."

Miaka kumi na kitu ikapita. Watu wa visiwani tulioko nje tukafunguliwa baraza letu mtandaoni, nikapewa kazi ya kupokea wageni kwa kuwa niliwahi kuwa mwalimu, na mwalimu hata akiacha shule haachi kusahihisha. Nakiri niliipenda mno kazi ile. Nilijifunza kukoleza maandishi yakawa manene, kuyalaza, kuyapaka rangi. Maandishi manene ni ya matangazo, niliwaeleza wageni. Ya kulala ni ya maneno uliyoyachukua kwa mwenzako. Mekundu ni ya onyo. Herufi kubwa tupu ni kupiga kelele. Niliwaonyesha na vile vyuso vya alama: nukta mbili, kistari, kisha mabano, hivi :-) na ukilaza kichwa bega la kushoto unaona mtu anacheka. Niliwaonyesha, lakini mwenyewe sikuvitumia. Niliviona vya kitoto. Nilijiambia kwamba mtu aliyesoma, furaha yake huonekana katika mpangilio wa maneno.

Wewe wakati huo ulikuwa Hounslow, upande wa pili wa London, unapanga sinia za chakula cha ndegeni, na siku zako za mapumziko ulikwenda maktaba kujifunza kompyuta. Mimi ndiye niliyekushika mkono uingie barazani. Siku moja nikaona umeandika:

SHIKAMOONI WAKUBWA ZANGU. WADOGO ZANGU HAMJAMBO. MIMI MGENI, NIPOKEENI.

Nilicheka peke yangu. Nikaona, huyu ni wifi yangu, nikimlainishia wataniambia nampendelea. Na isitoshe wifi hutaniwa. Nikachagua maandishi manene, nikayapaka wekundu, nikaandika: "Mgeni, hapa si jikoni kwenu kwenye kelele za masinia. Punguza sauti!"

Kaka yako alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. "Unacheka nini?"

"Namtania dada yako."

"Anajua kama unamtania?"

"Kwani hanijui?"

Akanywa chai yake, akaondoka. Salamu yako sikuiitikia, wifi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko ule wekundu.

Haikupita saa nzima, mmoja akaandika, "Leo mgeni kapokewa kwa bakora!" Mwingine, "Bi Mkubwa hana mchezo." Wewe kimya. Nikakupigia simu, haikupokelewa. Nikapiga tena wiki iliyofuata. Idi ikafika, na kwa mara ya kwanza tangu nije nchi hii, sahani yako ya visheti haikukaa kwenye meza yetu. Kaka yako alitazama mlango kila gari liliposimama nje. Ndipo nilipoogopa. Nilijiona ninampoteza aliyenivika koti, na sababu yenyewe ni mstari mmoja wa maandishi.

Hatimaye nikampigia binti yako.

"Mama haoni vizuri," akaniambia. "Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili; wiki ijayo anapasuliwa moja. Anaandika makubwa ili aone anachokiandika. Hakutaka mjue, mngemfanya mgonjwa."

"Na yale yangu aliyasoma?"

"Mimi ndiye niliyemsomea."

"Ulimsomea kwa sauti gani, mwanangu?"

"Kwa sauti ya maandishi mekundu."

Sikuwa na la kumlaumu. Alisoma kilichokuwapo. Kicheko changu hakikuwapo.

Nikachukua kalamu nene ya wino mweusi na karatasi, nikakuandikia kwa herufi za Kiarabu tulizofundishwa utotoni, chuo cha Kurani, zile ulizokuwa ukiniandikia barua kabla sijaja huku. Kila neno nililifanya kubwa kama kidole gumba. Nikaitikia kwanza salamu yako: marahaba, karibu sana. Nikakuomba radhi. Nikakueleza kwamba wakati ule naandika nilikuwa nacheka, na kwamba ningekuwa na akili ningeuweka uso wangu pale mwishoni uuone. Na kwa kuwa siwezi kuacha ualimu hata katika kuomba radhi, nikakuchorea uso wenyewe na maelezo yake. Nikaitia barua posta.

Siku zikapita. Kila asubuhi nilifungua baraza kabla sijafungua mapazia. Mara nikaona umeandika, chini ya yale maneno yangu mekundu. Hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na hiki tu:

(-:

Wanabaraza wakaanza. "Mgeni kakosea." "Uso umepinduka huo!" "Ndio kununa au ndio nini?" Nikalaza kichwa kushoto, kama nilivyowafundisha wote, nikaona mdomo uko juu na macho yapo chini. Nilidhani unaniambia kwamba nimekupindua uso mbele za watu.

Nikamwita kaka yako. Akatazama, akanitazama. "Si wewe uliyemfundisha? Ulimchorea vipi?"

Nikakumbuka. Mkono wangu ulikuwa unatoka kulia kwenda kushoto, kama herufi zile zinavyokwenda. Nilianza na macho, nikaja puani, nikamalizia na mdomo. Uso niliokutumia ulikuwa umelalia kulia, huko huko kalamu ilikotoka, nawe ulikaa kwenye kompyuta ya maktaba, kwa jicho moja lililokwisha kupasuliwa, ukaunakili alama kwa alama.

Nikalaza kichwa bega la kulia. Ulikuwa unacheka.

Nilibaki nimelaza kichwa vile mpaka shingo ikaniuma. Barua ilikuwa imefika, jicho lilikuwa limeona, na hukuwa umekasirika tena. Yote hayo uliniambia kwa alama tatu, mimi niliyekuwa naziona za kitoto.

Jumamosi yake ulikuja na visheti na miwani myeusi. Ulipofika mlangoni ulisema, "Wifi, siku nyingine ukinitania, cheka kwanza nisikie." Kaka yako akajibu kutoka jikoni, "Mimi nilimwambia!" Ukamfokea wewe kwa niaba yangu: "Nyamaza, ungemzuia basi!"

Tangu siku ile nimebadilisha namna yangu ya kupokea wageni. Salamu huitikiwa kwanza, na kwa jina la aliyeitoa. Kusahihisha kunakuja baadaye, faraghani, kama ulivyonifanyia mimi baada ya kula. Rangi nyekundu nimeiacha. Na kila utani una uso wake pembeni, kwa sababu mgeni hajui bado sauti zetu, na uso ule ndio mkono unaoidaka salamu isianguke. Barazani kwetu tunauandika kwa mtindo wako. Wageni huuliza kwa nini vyuso vyetu vimelalia kulia, nami nina furaha ya kuwaeleza, tena kwa kirefu; unanijua.

Sasa macho yako yote mawili yamepona, na mimi nimelala usingizi mzuri kama ule wa Jumamosi ya visheti. Nisalimie pazia baya la chumbani. Kaka yako anakuamkia, na anasema usiliondoe mpaka aje alione mwenyewe.

Nina ombi moja tu. Asubuhi hii ameingia mgeni, mama mmoja, ameandika SHIKAMOONI kwa herufi kubwa tupu. Mimi nimekwisha kumwitikia. Mwambie binti yako akupeleke kwenye duka la intaneti, na leo hii, kabla ya adhuhuri, umwekee mama yule uso wako.

Wifi yako wa Edmonton,
mke wa kaka yako