Chai Vuguvugu kwa Mgeni

Jumatatu, 3 Novemba

Zulfa sasa hivi kamtumbukiza mwanasesere wake kichwa chini ndani ya kikombe changu. "Mummy, she's swimming!" Chai yenyewe kijani kama maji ya bwawa, simlaumu. Nimemtoa, nimemfuta, chai nimeimwaga. Na nilikuwa najifunza kuionja.

Bi Keiko, mwenye duka la chai za Kijapani ninakoosha vikombe asubuhi, kanipa vifuko vitano vya chai mbalimbali nizijue. Jumamosi anakuja mwalimu wake wa chai, mzee kutoka Japani. Nitamwandalia mie. Nikiweza, napata kazi ya mezani, kuwaandalia wateja chai, mchana tu. Basi naacha kusafisha ofisi jioni. Zulfa ana miaka mitatu na sijui analalaje. Mama mkwe ndiye anayemlaza. Mie nikirudi keshalala.

Naitaka mno kazi hii.

Jumanne, 4 Novemba

Loh! Mti ni mmoja! Chai zao zote, na chai yetu ya rangi pia, mmea mmoja. Miaka yote nikidhani chai ya kijani ni majani mengine, kama mchaichai. Bi Keiko anasema yao ikishachumwa hupigwa mvuke upesi, ndiyo ikabaki kijani. Hiyo ya kila siku inaitwa sencha. Yetu huachwa ikageuka nyeusi. Nilisimama na kitambaa mkononi, mdomo wazi.

Matcha ni unga. Unakunywa jani zima.

Genmaicha ina mchele wa kukaanga. Mchele! Ndani ya chai! Inanukia bisi.

Alhamisi, 6 Novemba

Leo ndiyo nimeshtuka kweli. Chai yao ya heshima inaitwa gyokuro. Shamba hufunikwa lisipate jua wiki kadhaa kabla ya kuchuma. Kazi yote hiyo, halafu haitaki maji ya moto! Yakichemka unayahamisha chombo hiki, chombo kile, mpaka yawe vuguvugu. Kikombe kidogo kama cha kahawa, na hakijazwi. Ladha kama supu. Tulipomaliza, Bi Keiko akayatia majani tone la sosi ya soya, akayala. Akanipa na mie.

Nimekula chai. Yarabi.

Nikamuuliza, mgeni hakasiriki? Akasema mgeni wa heshima ndiye hasa anayepewa hii.

Nimemsimulia mama mkwe. Alikuwa anakata vitunguu, kaweka kisu chini. "Mwanangu, mgeni ukimpa chai vuguvugu si unamwambia aende zake?" Nikasema ndivyo wafanyavyo wenyewe. "Na majani ukayala? Mbuzi we!" Tukacheka mpaka Zulfa akaja mbio. "What's funny, Bibi?"

Ijumaa, 7 Novemba

Nimejaribu gyokuro nyumbani. Chungu. Chungu tena. Mara moja tamu, na hiyo tamu sijui nimefanyaje.

Naogopa.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimeharibu mwenyewe, kwa mkono wangu.

Mzee kafika kalowa chapachapa, mwavuli umepinduliwa na upepo. Anatetemeka. Bi Keiko akanionyesha kwa jicho kopo la gyokuro. Maji yalikuwa yanachemka, kazi yangu kuyapoza. Mkono ukakataa. Wallahi sikusahau. Nilimtazama, nikasema moyoni, huyu baba wa watu nimpe vuguvugu? Nikamimina vilevile yanatokota.

Akanywa. Uso ukamkunjika kama kala shubiri. Bi Keiko mwekundu.

Mzee akasema kitu kwa Kijapani. Bi Keiko akanigeukia: anauliza kwa nini. Nikasema kweli. Kwetu mtu aliyelowa hapewi chai isiyounguza. Nikaanza kuvua aproni. Nilijua yamekwisha.

Bi Keiko akamtafsiria. Halafu mzee akacheka mpaka akakohoa. Akatamka neno moja: hojicha.

Kifuko cha tano! Nilikiacha cha mwisho, sikukifungua. Majani ya hudhurungi, yamekaangwa. Na maji yake ya kuchemka! Wanayo! Muda wote wanayo!

"Maji yako sawa," akasema Bi Keiko. "Jani ndilo silo. Vaa aproni."

Nikaiandaa. Mzee kashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa, akaomba kingine.

Hakuna aliyeniambia kama nimepata. Nimerudi kwetu Thornton Heath na basi, kituo changu kikanipita.

Jumatatu, 10 Novemba

Nimepata. Meza ya hojicha ni yangu. Gyokuro nisiiguse mpaka Bi Keiko aseme. Kazi mchana tu. Wale wa ofisini nimewaaga.

Jioni hii nipo nyumbani. Nimemwogesha Zulfa. Kumbe anataka mlango uachwe wazi kidogo. Kumbe huimba kabla ya kulala, nyimbo zisizo na maneno. Sikuwa najua.

Mama mkwe kanyoosha miguu kwenye kochi. Nimempa hojicha, kaitia sukari vijiko viwili, kasema hii sasa chai.

Kumetulia. Nilidhani Zulfa keshalala, kumbe macho. Anaita. "Mummy? Mummy, you there?"

Nipo, mama, naja. Nataka tu nimalizie hili la yule mzee, kwamba alipokuwa anaondoka ali... Anaita tena. Naenda.