Simu ya tatu kwenye akaunti

Shoga, nimefanya nini leo mimi!

Akaunti yenye picha za marehemu mama iligoma kufunguka kwenye simu mpya, nikaenda kwa fundi. Akaifungua, akanionyesha orodha ya simu zilizoingia humo: yangu ya zamani, hii mpya, na ya tatu. Imeingia leo asubuhi.

Ni dada! Nenosiri tulilijua wawili tu. Dada aliyeondoka bila kuaga, mwaka wa pili huu, kumbe anatazama picha zilezile. Leo asubuhi, shoga!

Fundi anacheka, "Mwizi huyo, anti, namtoa." Sijafungua mdomo, ameshamtoa na nenosiri kabadilisha.

Nililia palepale kaunta.

Sasa akitaka kumwona mama, itabidi anipigie mimi. Simu ninayo mkononi tangu saa nane. Kimya.