Wiki Mbili za Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 3 Februari

Kura imeniangukia — kundi la glavu. Neha, anayetufanyisha mazoezi kwenye utafiti huu wa kliniki, alifungua bahasha mbele yangu, akasoma, akaniangalia kwa huruma ya mtu anayeleta habari mbaya. Kumbe mambo yenyewe ni haya: mkono wangu wa kulia, ule mzima, unavishwa glavu nene kama ya kutolea mikate kwenye oveni. Asubuhi baada ya chai mpaka nimalize kula jioni. Wiki mbili. Huu wa kushoto, uliolala na kiharusi tangu Oktoba, ndio ufanye kila kitu — kula, kujipaka mafuta, kufungua mlango. Ati mkono usipopewa kazi unasahau kwamba ni mkono. Kundi lingine wanafanya mazoezi ya kawaida, mikono yote huru. Heri yao.

Kabla ya bahasha nilipimwa na bwana mmoja anaitwa Mathews, mrefu, mabega yameinama. Vijiti, vikombe, taulo ya kukunja. Kijiti nilikishika — kisha nikashindwa kukiachia! Ilibidi anibandue vidole kimoja kimoja. Akasema nikirudi kupimwa tena nisimwambie niko kundi gani, maana akijua, jicho lake litaanza kunipendelea na vipimo vyangu havitafaa kitu. Nimempenda kwa hilo. Watu wengi wanapendelea na hawasemi.

Na huyu Neha! Nilimtambua kwa kidevu. Nikamuuliza, wewe si wa Lata, wa duka la vitambaa? Ni bibi yake. Kwa Lata ndiko nilikonunua uzi mweusi miaka ile wanawake wote wa Kisumu walitembea na nywele za uzi, vichwa vimesimama kila upande. Lata alipima kitambaa kwa rula ya mbao, akifika mwisho anaongeza vidole viwili, anasema hivyo ni vya mtoto. Hata kama huna mtoto. Sasa yuko Leicester kwa binti yake na kila wakipiga simu anauliza kama soko la Kibuye bado liko. Nimefurahi mpaka nikasahau nilikuwa nimekwenda kwa ugonjwa.

Naandika sasa kwa kulia, baada ya chakula. Glavu iko juu ya kabati, imekaa kama paka.

Jumanne, 4 Februari

Kula ugali kwa mkono wa kushoto. Miaka sitini na tatu sijawahi. Mama yangu angeniona angenipiga kofi kutoka kaburini. Niko peke yangu na Maryanne, binti yangu mwenyewe, na bado nimeona haya, nikageukia ukuta. Tonge halikubali kuviringika. Omena zilianguka zote kwenye mapaja. Maryanne alianza kucheka, nikacheka, mwisho akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa na njaa.

Alhamisi, 6 Februari

Wageni. Leo walikuja akina mama wa kanisa, wakaimba, wakaomba, wakanywa chai. Jana jirani zangu wa hapa Mamboleo. Juzi mchungaji. Mtu akinyoosha mkono kunisalimu, nimpe upi? Nimpe mchungaji kushoto? Glavu nimeivua mlangoni, nikaificha chini ya mto wa kiti, nikasalimu kama mtu mwenye akili. Wageni wa hapa hawaji wakaondoka. Waliingia saa nne, wakatoka saa tisa. Nikajiambia nitaivaa wakiondoka, wakaondoka, nikawa nimechoka.

Mmoja wao alinishika huu mgonjwa akasema pole, umekuwa baridi. Ni kweli. Hata mimi nikiugusa naona kama nimeshika mkono wa mtu mwingine.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa Maryanne alinipeleka Kibuye. Jumapili ya soko — mitumba mpaka barabarani, vumbi la Februari, kelele zile zile. Kibanda changu cha kusuka nywele kipo. Achola ndiye anakishikilia, na amekalia kigoda changu, na sikumwonea wivu. Kidogo tu.

Nilikaa nikaangalia anavyosuka. Mtu anadhani kazi inafanywa na mkono wa kulia. Sivyo. Kulia kunakimbia tu. Kushoto ndiko kunakogawa nywele, kunakoshika mzizi, kunakojua kichwa cha nani kinauma wapi. Nimeshika vichwa vya Kisumu nzima kwa huu mkono. Mabibi harusi wa Jumamosi walikuja Ijumaa mchana, watatu watatu, na Dishon, mume wangu, akitoka kazini reli anapita na njugu karanga, anazigawa kwa foleni kama yeye ndiye mwenye kibanda. Anawauliza wasichana kama wamefikiria vizuri hilo la kuolewa. Walikuwa wanacheka hadi napotosha mstari. Siku hizo nilidhani nimechoka. Kumbe nilikuwa na raha tu, na sikuijua jina.

Maryanne hajawahi kusukwa na mtu mwingine ila mimi. Tangu nywele za kwanza! Sasa tangu Oktoba anavaa kitambaa, hataki kwenda kwa Achola, ati ananingoja. Njiani akaniambia: wakwe wanakuja Jumamosi hii. Watu wa Frankline, mchumba wake, kuleta ayie, ile pesa ya mama wa binti. Akasema kwa sauti ndogo, akiangalia dirishani.

Nimefurahi. Nimefurahi sana. Kisha nikahesabu, Jumamosi bado niko ndani ya glavu.

Jumanne, 11 Februari

Kliniki. Neha alinipa vibanio vya nguo nivibane kwenye kamba na kuvitoa. Nilibana. Kutoa sikuweza. Akauliza glavu naivaa kiasi gani. Sijui kudanganya mtoto ambaye nilimjua bibi yake. Nikamwambia — mchungaji, akina mama, jirani, watu wa Kibuye, binamu kutoka Awasi na kuku wawili.

Nilidhani atakasirika. Alijiegemeza ukutani akacheka bila furaha. "Mama Perez, hii research ilianza nchi ambazo mgonjwa akiwa kwa nyumba anaonwa na paka yake." Akasema si mimi peke yangu. Wagonjwa wote wa glavu wanavua wageni wakija, na wageni wanakuja kila siku. Hakuna aliyefikiria salamu. Kisha akawa mkali. Mkono wangu una dalili ya kuamka, vidole viwili vinajaribu, lakini wiki ya kwanza imeliwa na salamu na hii nyingine ikiliwa pia basi. Sio kwa ajili ya utafiti. Kwa ajili yangu. Alisema mikono kama huu ikiachwa huzoea kulala.

Nilirudi nyumbani nikavaa glavu. Nimeosha sufuria moja kwa kushoto, mchana kutwa.

Dishon alikuwa anatembea upande wangu wa kushoto. Siku zote. Tukienda gatini jioni kuangalia meli ya Mwanza ikipakia, ananishika huu. Kulia kwangu kulikuwa na mkoba. Kuna watu wanakumbuka uso wa marehemu, mimi nakumbuka kiganja. Sitaki ulale. Naandika wazi hapa: sitaki.

Jumatano, 12 Februari

Shemeji Ooko alikuja kupanga mambo ya Jumamosi. Yeye ndiye atasimama mahali pa Dishon, na alitaka tufanyie nyumbani kwao, ila kwa hali yangu amekubali hapa. Viti, soda, mbuzi. Kisha akaiona glavu. Nikamweleza. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho, akasema, "Min Maryanne," yaani mama Maryanne, "siku hiyo utatoa hiyo kitu."

Nikasema nitasalimia kwa kushoto na kila mtu ataelezwa. Akanitazama kama nimesema nitatoka bila nguo. Na ana haki. Salamu labda watu wangesamehe. Lakini ayie! Ayie maana yake nimekubali. Inawekwa mkononi mwa mama, si mwa baba, si mwa wazee. Mama akiipokea ndipo mtoto ana ruhusa ya kwenda. Sasa nipokee kwa kushoto? Mama wa Frankline, Ooko alisema, ni mtu wa mila, hatatoa. Atasema tumemtukana, atageuza gari. Na Maryanne ana miaka thelathini na nne — Ooko hakuongeza neno hapo lakini nilimsikia akiliongeza moyoni.

Kisha akataja watakaokuja. Baba, mama, shangazi wawili, mjomba mmoja anafanya kazi hospitali, anaitwa Mathews.

Nikamuuliza ni mrefu? Mabega yameinama?

Huu mji ni kijiji. Hauna hata haya.

Alhamisi, 13 Februari

Nilimpigia Neha nikiwa nimefurahi, naona aibu kusema. Nilikuwa nimepata sababu: Mathews akiniona na glavu atajua kundi langu, vipimo vinaharibika, kwa hiyo utafiti wenyewe unataka nivue! Nilijiona wakili.

Neha akasema atamwondoa Mathews kwangu, kuna dada mwingine atanipima, na hilo si la kunisumbua. Akasema sherehe ni yangu na mkono ni wangu, hawezi kuniamuru, watu huvua kwa mambo makubwa kuliko karatasi zake. "Lakini Mama, usivue halafu useme ni mimi nilitaka."

Mkali huyo. Lata pia, ukiomba punguzo mara ya pili.

Ijumaa, 14 Februari

Nimevaa tangu asubuhi. Wageni watatu, wote nimewapa kushoto. Wawili walishika. Wa tatu alijifanya anakohoa.

Jioni Maryanne alikaa chini mbele yangu akafungua kitambaa. Nikaingiza vidole vya kushoto kwenye nywele zake. Sikusuka, hapana. Niligawa. Mstari mmoja uliopinda, kutoka paji la uso hadi utosini, na ulinichukua muda wote wa taarifa ya habari. Lakini niliujua mzizi! Nilijua hapa panauma, hapa hapaumi. Wa kulia ulikuwa ndani ya glavu, haukuhusika kabisa.

Aliugusa ule mstari, akainuka, akaenda jikoni. Nilimsikia anafungua bomba la maji ili nisimsikie.

Jumamosi, 15 Februari

Asubuhi, kabla ya chai. Bado ni kwa kulia.

Wasichana wa jirani wanapanga viti, mbuzi ameshachinjwa. Glavu iko mezani na gauni langu la kitenge liko kitandani, na mimi nimekaa katikati.

Nakumbuka ayie yangu, kwetu Awasi. Nilikuwa nimefichwa jikoni, natazama kwenye ufa wa mlango. Dishon alisimama mbali karibu na ua, shati la reli limepigwa pasi mpaka linang'aa, hathubutu kumwangalia mama mkwe. Mama yangu alikuwa ametoka shamba, akanawa, akapokea kwa mikono miwili na kuifunga kwenye ncha ya leso bila kuitazama. Halafu akaniita kwa jina langu la utotoni, mbele ya wote. Nilifikiri ananipoteza. Leo ndio naelewa alikuwa na hofu kama hii yangu, ila yeye alikuwa na mikono yote.

Nikivua, siku inapita vizuri. Kila mtu anakula, anaondoka akisema mama wa bibi harusi ni mtu wa heshima. Na keshokutwa nitapata mgeni mwingine wa heshima, nivue tena. Nikivaa, labda namharibia mtoto. Angekuwa hai Dishon ningemuuliza. Angesema jambo la kipuuzi, tungecheka, na ningejua la kufanya.

Naogopa. Chai imeletwa.

Saa tisa. Kwa kushoto.

Kalamu inaanguka. Niko chumbani. Ooko amesema nipumzike.

Nimewasalimia wote kwa huu. Baba yake Frankline alishika. Shangazi walishika. Mathews aliangalia dari mpaka nikapita. Mama yake Frankline alikunja mikono.

Ooko alieleza. Kiharusi, utafiti, glavu. Alieleza vizuri, sikutegemea. Mama yule akasema amesikia, ila ayie haiwekwi kushoto.

Maryanne alikuja hapa. Akasema Mama vua. Akafika mlangoni akarudi. Akasema usivue.

Sebuleni hata vijiko vimetulia.

Sasa nasikia kiti. Maryanne anachungulia. Mama yake Frankline amesimama, ameshika ayie, ananiita Perez, kwa jina langu. Hajasema mkono upi.