Usimlishe Mama Kama Mgeni

Klementina Nyanjige,
S.L.P. 77,
Bariadi.

Jumapili, 3 Novemba 1996.

Mpendwa kaka yangu Bujiku,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Morogoro? Wifi Violeth ameshapona lile jino? Na watoto je, bado wanagombania baiskeli moja? Huwa nawawaza sana, hata nikikaa kimya namna hii.

Sisi huku tupo. Wazima ni wazima, wa kukohoa wanakohoa. Mvua imetuchokoza siku mbili, tukakimbilia mashambani na majembe, ikakata. Pamba ilikuwa nyingi mwaka huu, na wanunuzi siku hizi ni wengi, kila mmoja na lori lake na mzani wake, mpaka mtu hajui amwamini nani. Mume wangu Kasmiri ameshauza yote, sasa anashinda akirekebisha zizi. Mimi mgongo unaniuma na mikono imekufa ganzi. Sababu yake utaijua humu humu.

Barua yako ya Septemba niliipata. Niliisoma mara moja nikaitia chini ya godoro, na sikukujibu kwa sababu ya hasira. Uliandika kwamba umesikia Mama analishwa ugali mweusi na majani makavu kama mtu wa wakati wa njaa, na huku mkwe wake ameuza pamba. Ukaniamuru nimpandishe treni aje kwako apate kula.

Aliyekuambia ni Felisita, binti wa shangazi. Alipokuja kwenye msiba mwezi wa nane alilala kwetu siku mbili, akafunua vyungu vyangu vyote. Simlaumu sana, aliyoyaona aliyaona kweli. Lakini hakuuliza, na mimi sikuthubutu kumweleza, maana mdomo wa Felisita unaujua.

Basi umeshinda, kaka. Mama anakuja. Kesho alfajiri anapanda basi la Shinyanga na jirani yetu Januarius, ambaye anakwenda Dar es Salaam kwa mwanawe. Watashika treni hapo Shinyanga, na Januarius atamteremsha Mama Morogoro, amfikishe kwako, ndipo aendelee. Barua hii nampa Januarius, simpi Mama, na nimemwambia akutie mkononi mwenyewe. Tafadhali isome kabla hamjamwandalia Mama chakula. Humu mna habari ambazo dada hapaswi kumwandikia kaka yake. Nimezunguka nazo wiki nzima nikitafuta mtu wa kuzisema badala yangu, sikumpata.

Baba alipofariki mwaka jana, wewe ulirudi kazini na Mama akabaki peke yake Mwamanyili. Nilipomwambia Kasmiri kwamba nataka kumchukua, hakusita hata kidogo. Alimjengea nyumba yake upande wa pili wa uwanja, mlango umetazama mashariki, ili yeye na mama mkwe wake wasipishane kila saa. Mila zetu unazijua. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hata salamu zinapitia kwangu. Na kwa kuwa hana njia ya kuzungumza naye, Kasmiri alitia heshima yake yote kwenye sahani.

Akaniambia Mama asionje dona nyumbani kwake. Ale sembe tu, tena iliyokobolewa mara mbili iwe nyeupe kabisa. Ale wali mara tatu kwa wiki, nyama karibu kila siku, na asubuhi mkate wa dukani na chai ya maziwa. Nsansa zetu za majani makavu, kunde, na michembe ya viazi vilivyokaushwa, alisema, hivyo tule sisi na watoto. Majirani walinionea wivu. Na mimi, kaka, niliringa.

Mama alikula. Kila sahani ilirudi tupu, na kila mara alinituma nimfikishie Kasmiri, mkwilima wake, shukrani: wabeja sana. Ikapita miezi. Akaanza kukonda, akawa mkali kwa wajukuu, anakaa kivulini amebana tumbo kwa mkono. Nikimwuliza, anajibu ni uzee. Baadaye ndipo nilipojua kwamba nusu ya chakula alikuwa anawamwagia kuku nyuma ya nyumba yake, maana kurudisha chakula cha mkwe ni kumtukana. Kuku wale walinenepa mpaka tukawasifu.

Siku ya Pasaka alianguka mlangoni kwake. Kasmiri aliomba gari kwa mnunuzi mmoja wa pamba tukamkimbiza hospitali. Muuguzi akauliza mbele yetu sote: "Bibi, choo umepata lini?" Mama akajifunika uso kwa khanga. Kasmiri akatoka nje kama aliyechomwa na moto. Ilibidi niiname sikioni kwa Mama, na alichoninong'oneza kilikuwa ni siku kumi na moja.

Nilitaka ardhi inimeze. Mama alikuwa anaumwa hivyo kwa miezi yote, anakunywa mizizi ya kununua sokoni kwa siri, na hakunieleza mimi mwanawe kwa kuogopa nitamweleza mume wangu. Angekufa na aibu yake, nasi tungesema Mungu amempenda zaidi.

Muuguzi akauliza anakula nini. Nikahesabu vyote kwa kujisifu: sembe, wali, nyama, mkate. Muuguzi akanitazama. "Mnamlisha kama bwana harusi," akasema. "Zile pumba mnazowapa kuku ndiyo dawa yake. Mpeni ugali wa dona au mtama, majani, kunde, matunda na maji mengi. Tumbo la mzee linataka kitu cha kusukuma." Walimsafisha, tukalala hospitali siku nne, tukarudi.

Nyumbani vita vikaanza upya. Siku ya tatu Kasmiri akaniambia, "Mama Dastan, watu watasema namlisha mkwe wangu pumba." Nikamjibu, "Na tukimzika watasema nini?" Sijawahi kumjibu mume wangu hivyo tangu anioe. Akachukua fimbo yake akaenda kuangalia ng'ombe.

Nikapika ugali wa mtama, nikampelekea Mama na nsansa. Akautazama, hakuugusa. Jioni nikamkuta anafunga nguo zake kwenye kitambaa. Aliona tumemchoka, kwamba kumbadilishia chakula ndiyo namna yetu ya kumwonyesha njia. Nilimweleza maneno ya muuguzi, akanisikiliza kama mtu anayesikiliza uongo wa mtoto.

Aliyetuokoa ni Kasmiri. Hakumwambia Mama kitu, hana ruhusa hiyo. Aliniagiza nipike chungu kimoja tu kwa watu wote, halafu akahamishia kigoda chake karibu na uwanja, Mama amsikie. Ukifika wakati wa kula anapaza sauti, "Mama Dastan, mtama wa leo umeweza! Hebu lete mwingine!" Kaka, mtu huyu anauchukia mtama. Alilishwa huo mtupu wakati wa njaa akiwa kijana, mpaka leo hataki hata harufu yake. Lakini amekula tangu Aprili, mchana na jioni, na kuusifia kwa sauti hiyo ya mnadani. Mama akaona kumbe ndicho chakula cha nyumba, akala. Haukupita mwezi, akaanza kutembea mwenyewe kwenda kanisani. Hivi sasa anapalilia mchicha wake na kunikosoa ninavyofagia.

Lakini chakula hicho kina kazi, na kazi yote ni yangu. Siku hizi kuna mashine tatu pale sokoni, na zote zinashindana kwa weupe wa unga. Ukipeleka mtama, mwenye mashine anakufukuza, eti utamwachia wekundu kwenye unga wa wenzako. Anataka usubiri mpaka wote waishe. Nilisubiri hivyo wiki tatu, narudi nyumbani jua limekwisha na watoto wana njaa. Nikachoka, nikalitoa jiwe la kusagia la bibi, nasaga mwenyewe kila siku. Ndiyo mikono hii. Felisita aliponikuta nimepiga magoti pale kwenye jiwe alisema nimerudi ushamba. Sikuwa na nguvu hata za kukasirika.

Sasa mwambie wifi Violeth haya, kwa upole, maana najua mkono wake ni mzuri na atataka kumpikia mkwe wake pilau. Ampikie siku ya kwanza. Siku ya kwanza tu.

Kwenye gunia la Mama nimefunga unga wa mtama wa kuwatosha mwanzo, michembe, na mfuko wa nsansa. Nsansa aziloweke kwenye maji ya vuguvugu, azioshe mchanga utoke, azichemshe mpaka zilainike kabisa, ndipo atie karanga za kutwanga. Asitie mafuta mengi, Mama atasema zinateleza. Michembe inachemshwa tu na chumvi kidogo mpaka ivimbe, na Mama anaila na maziwa ya mgando, hasa asubuhi, badala ya mkate. Makande ayapike kwa mahindi ambayo hayajakobolewa, na kunde au choroko, mara mbili kwa wiki. Mtama ukiisha, nunueni mahindi mkayasage dona. Huko Morogoro mapapai na machungwa ni mengi kuliko kwetu, yasikosekane.

Na maji. Mama hapendi kunywa maji safarini kwa sababu ya choo cha kwenye treni, na Januarius ni mwanaume, sikuweza kumwagiza. Atafika amekauka. Akifika mpeni maji kabla ya maswali ya safari.

Msimwulize mbele za watu kama tumbo liko sawa, atasema liko sawa. Violeth naye ni mkwe, kwa hiyo Mama atakula kila atakachopewa kwake, atashukuru, na hatasema kitu mpaka aanguke. Njia ni moja, kuleni naye chakula hicho hicho nyumba nzima. Watoto watanung'unika siku chache, hata wangu walinung'unika. Heshima yetu ilikaribia kumwua, kaka. Sina namna nyingine ya kukuandikia jambo hili.

Usifikiri lakini kwamba anakuja kwa sababu ya barua yako. Sikuwa nimemwonyesha. Wiki iliyopita alikwenda nyuma ya zizi kuokota kuni, akamwona Kasmiri anampa mbwa matonge yake ya mtama, halafu anatoa mfukoni kiporo cha wali kilichofungwa kwenye karatasi. Alikuwa ameomba kwa jirani. Anakula amesimama, haraka haraka, kama mtu aliyeiba. Mama alirudi kimya kimya. Kesho yake akanisimulia aliyoyaona, kisha akaniuliza kama wewe umeandika, ndipo nikaitoa barua chini ya godoro nikamsomea. Akasema atakuja. Nikabisha, nikalia, akaniambia, "Ng'wana wane, mwanangu, mwache mkwilima wangu ale anachokipenda. Amenivumilia vya kutosha. Na wewe pumzisha mikono."

Kasmiri hajui sababu hiyo, Mama amenikataza. Anadhani Mama amemkinai. Tangu asubuhi yuko zizini, anagonga miti iliyokwisha kugongwa, na chakula cha mchana hakugusa.

Yote niliyoandika mpaka hapa ni yako na wifi, Mama usimsomee. Lakini haya yanayofuata msomee polepole, mkiwa wawili tu, kwa sababu nimekaa naye siku nzima leo tukifunga mizigo na kila nikifungua mdomo nazungumzia kamba za gunia.

Mayu, mama yangu, nimechoka. Mgongo umechoka, mikono imechoka, na ulipoiona imechoka ulisema kweli. Lakini wewe sijakuchoka hata siku moja. Ulivyosema unaondoka nipumzike, nilipaswa kukwambia hivyo, nikanyamaza kama ulivyonyamaza wewe na tumbo lako. Nyumba yako hapa hatapewa mtu. Na jiwe la kusagia mtama wako nimeliacha palepale.

Nisalimie wifi Violeth na watoto wote, na mzee Joakim wa jirani yenu aliyenipa mbegu za mapapai mwaka ule. Felisita naye msalimie, mwambie akija tena aulize. Dastan na wadogo zake wanakuamkia. Kasmiri hajanituma salamu lakini zihesabu kwamba amezituma. Mungu awatunze mezani kwenu na barabarani kwenu, na Mama amfikishe salama.

Mdogo wako akupendaye ingawa ulimkasirisha,

Klementina Nyanjige.