Nimewapeleka Watoto Ziwani

Dada Bernadetta,

Ukitoka misa usihangaike kuwatafuta watoto, nimewapeleka ziwani. Ndizi ziko kwenye sufuria, zipashe tu. Nimebeba kofia zao na maji ya kuchemsha. Tutakaa kwenye kivuli cha yale mawe makubwa, jua likizidi tutarudi.

Najua uliapa hawatalisogelea ziwa tangu shemeji azame na meli. Lakini ulipotoka tu asubuhi, nyumba ilishakuwa na joto kama tanuri, na watoto wa jirani wakapita na mataulo yao wakicheka. Ponsian akaniuliza, “Mama mdogo, baba bado yuko kule majini?” Nikamwambia hapana, tulimzika kwao Kamachumu. Akasema, “Sasa mbona mama anatukataza?” Nikaenda kutafuta kofia zao. Koku naye alikuwa ameshavaa kandambili, amesimama mlangoni.

Watalowesha miguu tu. Siwaachii mikono.

~~Tafadhali usitufuate.~~ Tufuate, dada. Kama ni kunigombeza, njoo unigombeze huko huko ufukweni. Angalau wakuone umefika.

Mama mdogo wao,
Angela