Nilipoandika Uzamivu

Nyuma ya ghala la saruji,
Mlango wa tatu.
Ijumaa, tarehe 15.

Mpendwa mama mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza kuuma baada ya ile dawa ya kuchua. Baba mdogo hajambo? Mapacha je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Huku tu wazima wa mwili. Mama hajui kwamba nakuandikia, na naomba asijue mpaka nimalize.

Nilitaka kukupigia, lakini wewe unanijua. Kwenye simu ulimi wangu unakuwa mzito, na chumba chetu kimegawanywa kwa pazia tu. Kwenye karatasi angalau naweza kusema. Mama mdogo, nimemharibia dada.

Unajua dada ni afisa ustawi wa jamii. Ofisi yao ina meza mbili na viti vitatu, na kila asubuhi benchi la nje linajaa watoto waliotelekezwa na wazee walionyang'anywa nyumba na wana wao wenyewe. Ana shahada moja, na kwa miaka tisa ameitumia mpaka imechakaa. Anataka kusoma ya pili ili naye aingie kwenye vikao yanakopangwa mambo ya hao watoto, badala ya kuletewa waraka yakiwa yameshaharibika.

Tangu nimalize shule, kazi yangu imekuwa kumtafutia ufadhili. Nilishinda kwenye kibanda cha intaneti cha yule mzee tunayemwita Bonyeza, kwa sababu ukimuuliza lolote yeye hujibu, "Bonyeza hapo." Nimejaza daftari zima. Wanaosomea uganga wana wafadhili, wahandisi wanao, watu wa biashara ndio usiseme. Wa utumishi wa umma niliwatafuta kama sindano mchangani. Nikipata mmoja, anataka mwombaji awe ameshapata chuo. Nikienda chuoni, wanataka kwanza uonyeshe mfadhili.

"Ustawi wa jamii?" Bonyeza alinicheka. "Binti, hao hawafadhiliwi. Hao ndio wanaowafadhili wenzao, kwa machozi."

Mwezi uliopita nikaupata mmoja, mfuko unaosomesha watumishi wa umma. Unalipa kila kitu, na mkuu wa ofisi ya dada akakubali kumpa ruhusa ya masomo. Sharti ni kwamba mwombaji awe hajafikisha miaka thelathini na mitano. Dada anaifikisha mwezi wa tatu. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi tena.

Insha aliandika mwenyewe, wiki mbili. Fomu aliniachia mimi kwa sababu mchana hapati nafasi hata ya kunywa maji. Kwenye fomu kulikuwa na mahali pa kuchagua ngazi ya masomo: uzamili, uzamivu. Nilidhani ni neno moja lenye sura mbili. Niliona yote yametoka kwenye kuzama, na kuzama ni kuzama. Nikachagua lililosikika zito zaidi. Kumbe uzamili ndiyo shahada ya pili, anayoitaka dada, na uzamivu ni ile ya tatu, ya kuitwa daktari. Ningeuliza tu. Lakini watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, nikaona haya.

Jumatatu jibu likaingia. Wamesema ombi limekataliwa, maana mwombaji wa uzamivu hana shahada ya uzamili. Nililisoma mara nne. Bonyeza akachungulia begani kwangu, na mara hii hakucheka. "Binti," alisema, "umemzamisha dada yako."

Chini ya barua wameandika kwamba kosa la fomu linaweza kurekebishwa. Wanataka maelezo yenye sahihi ya mwombaji pamoja na nakala za vyeti zilizogongwa muhuri, na vyote vifikishwe ofisini kwao kwa mkono kabla ya saa tisa na nusu, Jumatano tarehe 20. Nilipiga simu yao. Mtu akasema "haloo" mara tatu, sauti haikutoka, nikakata.

Ofisi hiyo iko kwenye mji wenu, mama mdogo. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Umekuwa karani miaka mingi, unajua mtu wa kaunta anaamshwaje. Jirani yetu fundi cherehani anakuja huko Jumapili kununua vitambaa. Atakuletea bahasha hii Jumatatu. Nakuomba, nakupigia magoti, uipeleke.

Lakini kuna jambo nimebaki nalo kooni. Dada hajui. Jumatano aliniuliza, "Hawa watu hawajajibu tu?" Nikamwambia bado. Nakala za vyeti zenye muhuri ninazo tangu tulipoomba, maelezo nimeshayaandika, na sahihi yake naweza kuiga. Nimejaribu nyuma ya daftari. Ya sita ilifanana mpaka nikaogopa mkono wangu. Nikiiweka, bahasha itakwenda, wewe utaipeleka, wakikubali dada hatajua kamwe kwamba nilikosea.

Nimeitazama hiyo karatasi tangu saa sita. Nasikia geti. Amerudi.

*

Jumamosi asubuhi.

Mama mdogo, nimemwambia.

Alikuwa bado hajavua viatu. Nilimpa simu asome jibu lao mwenyewe, maana maneno yalinikimbia. Akasoma, akakaa kitandani. Nilingoja anipigie kelele. Akauliza kitu kimoja tu.

"Umelijua hili lini?"

"Jumatatu."

"Jumatano nilikuuliza."

"Ndiyo, dada."

"Ukanitazama machoni, ukasema bado."

"Nilikuonea huruma, dada. Nilitaka nitengeneze kwanza."

"Mwache mwenzio!" mama akasema kutoka upande wa pili wa pazia.

"Mama, sijamgusa." Kisha akanigeukia mimi, taratibu, kama anavyoongea na watu wa kwenye benchi. "Kila siku nakaa na watu waliofichwa mambo yao wenyewe. Mtoto hakuambiwa mama yake yuko wapi. Mzee hakuambiwa nyumba imeuzwa. Na kila anayewaficha ananiambia alikuwa anawaonea huruma."

Nikamwonyesha na zile sahihi nyuma ya daftari, kwa sababu niliona nikibakisha hilo nitakuwa sijasema chochote. Akachana ule ukurasa, akachukua maelezo yangu, akayaandika upya kwa mkono wake. Mimi niliandika kwamba kosa ni la mdogo wake. Yeye ameandika, "Nilikosea kuchagua." Nilimwambia si kweli. Akasema fomu ina jina lake, basi. Akatia sahihi.

Tangu jana hajaongea nami. Asubuhi amekwenda kazini ingawa ni Jumamosi. Mama anapita kati yetu kama mtu anayevuka maji, hajui aweke mguu wapi.

Bahasha ndiyo hiyo, mama mdogo, imekamilika. Tafadhali usimwachie mlinzi. Mpe mtu wa ndani, na akugongee muhuri wa kupokea. Wakikuambia muda umepita, waonyeshe tarehe kwenye barua yao, nakala yake nimeitia humo. Wakikataa kabisa, waulize kama kuna mkubwa wao. Mimi nisingeweza kusema hata moja kati ya hayo, lakini wewe unaweza.

Na jibu lolote utakalopata, liwe zuri au baya, usinipigie mimi. Najua utataka kuanza na mimi ili nimwandae. Mpigie dada moja kwa moja, hata akiwa ofisini, hata benchi likiwa limejaa. Mimi nitalisikia kutoka kwake, akitaka kuniambia.

Nisalimie baba mdogo, mapacha, na bibi wa chumba cha uani. Mungu akulinde barabarani Jumatatu, na akufungulie mdomo kwenye kaunta ile kuliko alivyoufungua wangu.

Mwanao anayekupenda na kukutegemea,

Kitindamimba